Anayekuita Nesh Ameficha Makaa

Kuna neno la Kiingereza ambalo mwalimu wako hakukufundisha, na hata ungemuuliza angekwambia hilo si neno. Ni "nesh." Linatamkwa vile linaandikwa, fupi hivyo hivyo. Ukilisema London, wengi watakukodolea macho. Ukilisema Nottingham, Derby, Stoke au Sheffield, watacheka, halafu watahesabu umevaa sweta ngapi.

Mtu nesh ni yule anayesikia baridi kabla ya wengine. Ndiye wa kwanza kufunga dirisha na wa mwisho kuvua jaketi. Anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama anakiombea. Kiswahili hakina neno moja la kusema haya yote, labda kwa sababu Lamu na Mombasa hazikulihitaji. Sisi wa bara tunasema fulani anaogopa baridi, basi. Lakini nesh haiishii kwa baridi. Ukiitwa nesh, umeambiwa pia kwamba wewe ni laini, hujakomaa, mama yako alikudekeza. Mtaani tuna neno linalofanya kazi hiyo hiyo: mayai. Mtoto mayai. Aliyelelewa kwa mayai na maziwa, asiyeweza kutembea pekupeku hata hatua tatu.

Naandika haya kwa sababu nesh sasa limekuwa pambo. Liko kwenye vikombe na kwenye vitambaa vya jikoni vya kuuzia watalii. Kila baada ya miezi kadhaa mtu analirusha mtandaoni kama mojawapo ya yale maneno matamu ya kale, na watu wanaliwekea vimoyo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliwahi kuliweka kwenye statasi yangu nikiwa na blanketi mabegani, marafiki zangu wa Nairobi wakafa na kicheko. Leo nataka kuliondoa pale. Si kwamba ni neno baya. Shida ni kwamba nililifurahia kabla sijauliza linamfanyia nani kazi.

*

Nilifika Nottingham Septemba 2022 kusoma. Chuoni vyumba vilikuwa vimejaa na bei imepanda hadi huko juu, kwa hivyo nikapanga chumba nje ya jiji, kwa mama mmoja mjane, miaka sabini na kitu, katika mji mdogo ambao zamani uliishi kwa makaa ya mawe. Mume wake alikuwa ametumia maisha yake chini ya ardhi. Mgodi wa mwisho wa makaa katika kaunti ile, Thoresby, ulifungwa mwaka 2015. Siku hizi kazi iliyobaki huko ni ya maghala.

Kimoyomoyo nilimwita shosh. Yeye aliniita "duck," yaani bata. Wiki ya kwanza nilidhani anacheka mwendo wangu. Baadaye nikagundua dereva wa basi ananiita duck, wa duka ananiita duck, hata fundi wa bomba mwenye ndevu anaitwa duck na anaitikia. Kwao ni kama sisi tunavyosema mpenzi au mdosi kwa mtu tusiyemjua jina.

Oktoba ikaisha, baridi ikaingia. Jioni moja nikamuuliza, kwa adabu yote ya mtoto wa watu, kama tunaweza kuwasha hita hata saa moja. Akanitazama juu ya miwani. "Usiniambie uko nesh, duck." Kisha akacheka, akaniletea chupa ya mpira ya maji moto iliyovishwa kijisweta cha kufuma. Nikacheka pia. Nikaenda kulala nikiwa na chupa tumboni na neno jipya mdomoni, na ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha.

Furaha hiyo inahitaji kuelezwa. Mimi ni mtoto wa shule zile za kuvishwa kibao shingoni ukipatikana unaongea lugha ya nyumbani. Sisi tulikiita monto. Kiingereza nilichopewa kilikuwa kimoja, kimenyooka kama kiatu cha siku ya kufungua shule, na kazi yangu ilikuwa kukivaa bila kukichafua. Kumbe Waingereza wenyewe wana mitaa yao, na wana lugha walizochapiwa. Kule Wales, katika karne ya 19, watoto walivishwa kipande cha mbao kwa kosa la kuongea Kiwelshi. Shosh mwenyewe aliniambia mwalimu wake alimkataza kusema darasani vile mama yake alivyosema jikoni. Kwa hivyo nilipolisikia nesh, nilihisi nimepata binamu. Kama unasikiliza Arctic Monkeys, wale vijana wa Sheffield, unamjua jirani yake: "mardy," mtu wa kununanuna, liko kwenye jina la wimbo wao mmoja wa 2006.

Basi nikaanza kulifuatilia. Na kusema kweli, nesh lina ukoo unaoweza kumwaibisha mwalimu yeyote anayesema si neno.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lilikuwa "hnesce," maana yake laini, ororo, rahisi kuumia. Binamu yake, "hnasqus," yumo katika Biblia ya Kigothi iliyotafsiriwa karne ya 4. Yote mawili yanatokea mahali pamoja: Mathayo sura ya 11, pale Yesu anapowauliza watu walienda kumtazama nani kule nyikani, kwani walitarajia kumwona mtu aliyevaa nguo laini? Anamzungumzia Yohana, aliyekuwa gerezani wakati huo. Halafu anaongeza kwamba wavaao nguo laini wamo katika nyumba za wafalme. Shika hapo. Nitarudi.

Aliyeyakusanya maneno ya aina hii kwa jasho la kweli ni Joseph Wright, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1855. Akiwa na miaka sita alikuwa ashaanza kazi, akiongoza punda kwenye machimbo ya mawe. Baadaye akaingia kiwanda cha nguo. Alijifunza kusoma akiwa na miaka 15. Mtu huyo huyo akaishia kuwa profesa wa isimu Oxford, akamfundisha Tolkien, yule wa hobiti, na kati ya 1898 na 1905 akachapisha kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye juzuu sita. Nesh limo. Kwa Wright, neno la mchimba mawe lilistahili kurasa sawa na neno la askofu. Hapo niko naye mia kwa mia.

Kwa hivyo usinielewe vibaya. Hii si makala ya kuwaambia watu wa Nottingham waongee Kiingereza "safi." Mtu anayecheka lahaja ya mwenzake hana tofauti na yule anayemcheka binamu yako akishrabu. Mimi nina ugomvi mwingine kabisa.

*

Majira yale ya baridi yalikuja na bili. Gesi na umeme wa nyumba ya kawaida, uliokuwa ukihesabiwa kama pauni 1,277 kwa mwaka katika baridi iliyotangulia, ulifika pauni 2,500 kuanzia Oktoba 2022, na hapo ni baada ya serikali kuingilia kati. Shosh alikuwa na pensheni yake na kodi yangu. Ukutani kwenye korido kulikuwa na kile kidude cha kuweka kiwango cha joto. Alikiweka 13. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isishuke chini ya nyuzi 18. Mimi nilijua hilo kwa sababu nilitafuta kwenye simu usiku nikiwa nimevaa soksi mbili na kofia. Sikumwambia. Nilitaka kuonekana nimekomaa.

Desemba akaanza kukohoa. Kikohozi cha kawaida, alisema. Januari kikashuka kifuani. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta, usiku, akijaribu kukohoa polepole ili nisisikie. Nikamuuliza kama tumpigie daktari. Akasema yeye si nesh. Nikamuuliza kama naweza kuongeza joto, nitalipa mimi. Akasema yeye si nesh. Safari hii hakucheka, na hakuniletea chupa.

Siku nne baadaye nilimkuta ameketi kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi. Nilipiga simu ya dharura. Nimonia. Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Muuguzi mmoja, Mkenya pia, wa Kisii, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona tulingoja hivi. Sikuwa na jibu ambalo lingetafsirika. Ningemwambia nini? Kwamba mwanamke mzima alikaribia kufa kwa kuogopa neno la herufi nne?

Lakini si neno peke yake, na hapa ndipo naanza kukasirika. Neno lilimfanya aone baridi ile kama mtihani wa tabia yake. Nyuzi 13 ndani ya nyumba kunatokana na bei ya gesi, pensheni ndogo, kuta zisizozuia upepo, na watu fulani kukaa mezani wakaamua. Nesh linayafuta yote hayo. Linabaki swali moja tu: wewe ni mgumu au ni laini? Na mtu mwenye heshima zake atajibu kwa mapafu yake.

*

Mwezi huo huo nilikuwa nafanya kazi wikendi kwenye ghala. Malori yanaingia, milango inakaa wazi, upepo unapita kama uko nyumbani kwake. Kijana mmoja Mromania, mgeni kuliko mimi, akamwomba msimamizi wafunge mlango mmoja ambao haukuwa ukitumika. Msimamizi, kijana wa hapo hapo, akamwambia asiwe nesh. Watu wakacheka. Mlango ukabaki wazi.

Mwongozo wa serikali yao unasema mahali pa kazi ndani ya jengo pasishuke chini ya nyuzi 16, au 13 kama kazi ni ya kutumia nguvu. Yule Mromania hakuwa anaomba kubembelezwa. Alikuwa anaomba kile kilichoandikwa. Lakini ukishaitwa nesh, huwezi tena kutaja mwongozo, kwa sababu kuutaja kunathibitisha kwamba uko nesh. Fikiria jinsi hilo lilivyo rahisi kwa mwenye ghala. Hakulipa senti. Mlango haukufungwa, malori hayakuchelewa, na mlalamishi alinyamazishwa na wafanyakazi wenzake, bure, kwa kicheko.

Hapo nikaanza kumfikiria yule marehemu, mume wa shosh, ambaye picha yake ilikuwa juu ya televisheni. Shosh alisema hakuwahi kulalamika hata siku moja. Alilisema kama sifa, na lilikuwa sifa. Alikufa kwa mapafu. Mwaka 1998 mahakama kuu ya Uingereza iliamua kwamba shirika la serikali la makaa ya mawe liliwajibika kwa magonjwa ya mapafu ya wachimbaji, kwa sababu halikuwakinga na vumbi kama lilivyopaswa. Mpango wa fidia ulipofunguliwa, madai yalikuja kwa mamia ya maelfu. Mamia ya maelfu ya watu ambao hawakuwa nesh.

Sisemi neno ndilo lililowaua. Vumbi liliwaua. Lakini vumbi linahitaji watu walioambiwa tangu utotoni kwamba kukohoa ni udhaifu.

*

Sasa turudi nyumbani, maana najua tayari kuna msomaji anasema hao ni Wazungu na baridi yao.

Kidato cha pili nilikuwa shule ya bweni mahali ambapo Julai ukipumua unaona pumzi yako. Tulioga maji baridi saa kumi na moja asubuhi. Sweta nzito hazikuruhusiwa kwa kuwa hazikuwa za yunifomu. Kulikuwa na kijana kwenye kitanda cha chini ya changu, nitamwita Mayai kwa sababu ndilo jina tulilompa. Hakutoka familia tajiri. Mama yake aliuza mitumba. Tulimwita Mayai kwa sababu alikuwa akitetemeka. Alivaa soksi mkononi usiku. Alimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kuoga mchana jua likitoka, na mwalimu akaisimulia kwenye gwaride kama kichekesho.

Alikuwa na pumu. Nilijua. Niliona ile pampu yake ndogo ya kuvuta dawa chini ya godoro, akiificha kama watu wanavyoficha simu. Usiku mmoja akaanza kupiga miluzi kifuani, na mimi nilikuwa juu yake pale, macho wazi, nikimsikia. Mtu mmoja gizani akasema, "Mayai, jikaze." Bweni likacheka. Mtu huyo alikuwa mimi.

Alfajiri walimbeba kwa gari la shule. Hakurudi muhula ule, wala mwingine. Sisi tukasema alishindwa. Tulikuwa na neno lililotuwezesha kusema hivyo bila kuona haya.

Nilipokuwa kwenye korido ya hospitali kule Nottingham, karibu miaka kumi na mitatu baadaye, nikisikiliza mashine ya shosh, kilichonijia ni ile miluzi. Ndipo nikajua kwa nini nililipenda neno nesh haraka hivyo. Nilikuwa nalo tangu zamani, kwa Kiswahili.

*

Jikaze. Kaa ngumu. Kaza roho. Mwanaume ni kuvumilia. Hesabu ni mara ngapi umeambiwa hivyo wiki hii, na uhesabu ni nani alikwambia. Umefanya kazi ya mafunzo miezi sita bila malipo: jikaze, kijana, sisi pia tulianza hivyo. Mwenye nyumba hajaleta maji wiki mbili: kwani hujawahi kuishi kwa shida? Umemwambia bosi hujisikii vizuri kichwani: kizazi chenu ni cha mayai.

Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mwanasiasa mmoja aliwakejeli kwamba ni watu wa kuitisha Uber, kubeba iPhone na kula KFC. Yaani mayai. Yaani nesh, kwa Kiingereza cha Bungeni. Tarehe 25 risasi zikapigwa nje ya Bunge, watu wakafa kwenye lami. Kesho yake mswada ukaondolewa. Hakuna aliyerudi kueleza ni lini hasa mtu anayekula kuku wa kukaanga anapoteza haki ya kuuliza kodi yake inaenda wapi.

Na huko Uingereza, mwaka huo huo wa 2024, serikali mpya ilitangaza kuwaondolea mamilioni ya wazee ile posho ya kupasha nyumba joto. Kelele zikawa nyingi, hadi Juni 2025 ikarudi nyuma na kuwarudishia wengi wao. Ona kilichoirudisha. Wazee walikataa kujikaza kimyakimya. Walipiga kelele kwamba wanasikia baridi. Walikubali kuwa nesh hadharani, wakapata makaa.

*

Najua mtaniambia ni utani tu. Kweli, mara nyingi ni utani. Shosh aliponitania Oktoba, alinipa neno na chupa ya maji moto pamoja. Utani wa aina hiyo sina shida nao, maana unakuja na joto ndani. Kipimo changu ni hicho hicho: anayekutania amekuletea nini mkononi? Kama amekuja na blanketi, cheka naye. Kama amekuja mikono mitupu na mlango ameuacha wazi, huo si utani.

Mtaniambia pia wazazi wetu walivumilia ndiyo maana tuko hapa. Ni kweli, na siwezi kumdharau mama aliyetembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni. Lakini muulize yeye mwenyewe kama alitaka mtoto wake atembee pia. Alivumilia ili wewe usivumilie. Kuna shida ambayo haina mwenyewe, kama kiangazi, kama kifo, na hiyo kweli dawa yake ni kukaza roho. Kuna nyingine ina mwenyewe, ina ofisi, ina bajeti. Ukiikazia roho hiyo, umemfanyia mwenyewe kazi yake. Wahenga wenyewe hawakutuachia methali moja. Walisema mvumilivu hula mbivu, na pia walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shuleni tulifanya insha ya ile ya kwanza kila mwaka. Ya pili sikumbuki kuiandikia hata moja.

Na kuna wale watakaosema mayai ni jiwe la maskini, la kumrushia mtoto wa tajiri, usitunyang'anye. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Ndiyo maana nilikwambia ushike ile Mathayo 11. Laini lililopigwa mshale pale ni la nguo za ikulu, na anayelinganishwa nalo ni mtu aliye kizuizini. Neno lilikuwa linarushwa juu. Nadhani hapo ndipo lilipo na haki: kwa waziri asiyeweza kupanga foleni dakika tano, kwa tajiri anayelia kuguswa na kodi, kwa bosi mwenye hita chini ya meza anayewaambia wa ghalani wawe wagumu. Hao waite nesh usiku na mchana. Waite mayai. Shida ni kwamba sisi tunalirusha chini. Tunalirusha kwa mwenye pumu, kwa mgeni, kwa bibi mwenye pensheni, kwa sababu wako karibu na mkono haujafika ikulu.

*

Shosh alirudi nyumbani Februari. Kidude cha korido kikawekwa 18, na ilibidi mimi na binti yake tushirikiane kukilinda, maana alikuwa akiamka usiku kukishusha. Nilimwambia hadithi ya Mayai. Akanyamaza kidogo, akaniuliza huyo kijana sasa yuko wapi. Sikujua. Akasema, "Basi mtafute, duck."

Nilimtafuta. Haikuchukua hata siku mbili. Anaishi Nakuru, ana mtoto. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, nikaufuta, nikaandika mfupi. Akanijibu kwa sauti. Alisema zamani ni zamani. Halafu akauliza swali moja tu: usiku ule, ulikuwa unajua niko na pumu?

Ningeweza kusema tulikuwa watoto. Ningeweza kusema kulikuwa na giza. Nilimwambia nilijua. Ujumbe ukaonyesha ameusikiliza, na mpaka leo hajasema kitu. Ni haki yake.

Kwa hivyo ukinikuta Nairobi mwezi wa saba nimevaa sweta mbili na kofia ndani ya matatu, nikimwomba makanga afunge dirisha, niite unavyotaka. Niko nesh. Nasikia baridi, na nitasema nasikia baridi, kwa sauti, ili yule aliye kiti cha nyuma anayetetemeka kimya ajue hayuko peke yake. Lakini kabla hujacheka, hebu angalia kwanza dirisha limeachwa wazi na nani.